Ulisema Wewe ni wa Riziki

Akeda, dada yangu,

Nimeolewa!

Naanza na hilo kwa sababu kama ungekuwepo ningekuja mwenyewe kukuambia. Ningepiga kelele tangu kwenye mashamba ya ndizi, kabla sijafika kambini, na wewe ungetoka kibandani umeinama, ungesimama na mkono kiunoni na kusema, "Weye Riziki, kelele ya nini? Siafu wamekuuma?" Halafu ungenikalisha chini na kunitaka nieleze yote, na mimi ningeeleza yote, hata yale ambayo masista wa shule ya lise walitufundisha kwamba mwanamke hayasemi.

Anaitwa Jakisa. Ni Mualuri wa upande wa Mahagi, mwalimu wa darasa la tano hapa Bunia. Ni mwembamba, lakini ana sauti nene ambayo usingeamini inatoka kwenye mwili ule. Jumapili akiimba kanisani mimi nashika benchi kwa mikono miwili ili nisigeuke nyuma kumtazama. Akirudi kutoka kazini anapiga kengele ya baiskeli kabla ya kukata kona, nijue ni yeye, kana kwamba moyo wangu ulikuwa na shughuli nyingine tangu asubuhi. Anafua mashati yake mwenyewe. Anafua na nguo zangu! Majirani wanatucheka. Mama mmoja anayetuuzia maziwa aliniuliza mlangoni, "Madamu, umemupa dawa gani?" Nikamwambia, "Sombe tu." Akaenda akicheka mpaka barabarani, na kesho yake akaniuliza nayatwanga vipi hayo majani ya muhogo.

Unakumbuka ulivyoniambia, siku ile tunachuma uyoga? Ulisema mwanaume wa kuolewa naye ni yule anayekula polepole, maana anayekula haraka hufanya kila kitu haraka. Nilikuwa sijui unasema nini, nikadhani ni mambo ya tumbo. Jakisa anakula polepole, Akeda. Anakula polepole mpaka ugali unapoa, mpaka mama yake anamgombeza. Mimi nakaa namtazama, nakukumbuka, nacheka peke yangu, na siwezi kumwambia mtu yeyote ninacheka nini.

Hiyo ndiyo shida yangu. Nina furaha na sina wa kumpa. Nyumba hii ina watu wazuri. Mama mkwe ananiita binti yangu, wifi zangu wananisuka nywele. Lakini wakikaa pamoja jioni wanaongea Kialuri, na mimi nacheka nikiwa wa mwisho, baada ya kuona meno ya wenzangu. Na Bunia yenyewe haina pa kujificha. Vilima vitupu, ng'ombe, upepo wa asubuhi unaopita chini ya mlango, vumbi jekundu. Mtu anaonekana kutoka mbali sana hapa. Sisi tuliokulia ukingoni mwa pori tumezoea kusikia mtu kabla ya kumwona. Wewe nilikuwa nakusikia unaimba kabla sijaona kikapu chako.

Sasa nikueleze kwa nini naandika leo, Jakisa akiwa shuleni, mimi nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na kalamu yake nyekundu.

Juma lililopita lori linalotoka Mambasa lilisimama mbele ya uzio wetu. Dereva ni mtu wa Komanda, ananijua tangu nikiwa mwanafunzi. Alishuka na mzigo uliofungwa kwa majani ya mangongo na kamba ya pori. Nilijua mikono iliyofunga. Hakuna mtu mwingine anayekunja majani vile, ncha ikiwa ndani. Ni mama yako. Ndani kulikuwa na asali na mboloko, yule paa mdogo wa porini, aliyekaushwa kwa moshi. Nikaruka. Nilidhani ni zawadi ya harusi! Nililia pale pale barabarani na uso wangu kwenye yale majani, maana yalinuka kwenu.

Dereva akasema, "Madamu ya mwalimu, ni Bambuti yako ndiyo wametuma. Ule mama anasema hii ni ya mwaka huu. Na mutoto sasa amekomaa miguu. Anasema kuja kumuchukua, ni wako."

Ya mwaka huu. Bambuti yako. Ni wako.

Alhamisi lori linarudi Mambasa, na dereva anataka jibu la kupeleka. Mtoto ni Mvua, mtoto wako, uliyemzaa siku ile ya mvua kubwa. Nimchukue au nisimchukue? Kila mtu hapa ana maoni. Mtu ambaye maoni yake nayataka ni mmoja tu, na hayupo.

Basi nisikilize.

Wewe unajua ilivyokuwa kwa babu yangu, Muzee. Watu wenu, Bambuti wa porini, walikuwa "watu wa Muzee". Mlileta nyama na asali, mkapewa ndizi, muhogo, chumvi, na shoka lililochakaa. Muzee alisema "Bambuti yangu" kama alivyosema "kahawa yangu". Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akilia mkifiwa. Lakini kulikuwa na sahani ya bati iliyotundikwa nje kwenye msumari, sahani yenu, isiyoingia ndani. Wewe na mimi hatukuihitaji, tulikula kwenye jani. Jani moja, vidole vyako na vyangu, halafu jani tunalitupa na hakuna aliyejua nani amekula na nani. Mama yako ndiye aliyetugawia. Mama yangu mzazi alipolazwa muda mrefu, ni mama yako aliyenibeba mgongoni, leo mimi, kesho wewe, na yule aliyebaki chini analia. Unasema ulilia wewe zaidi. Mimi nasema ni mimi.

Halafu nikaenda lise Bunia, ukaolewa, na serikali ikapita na gari lenye spika. Likizo moja nilikuta mmehamishwa kutoka kambini na kuwekwa kando ya barabara, vibanda vyenu kwenye mstari kama darasa. Mliambiwa ninyi sasa ni raia kama watu wote. Wakati ule kila mtu nchini aliitwa sitwayeni, hata muuza karanga. Ulinionyesha mstari ule wa vibanda na kusema, "Tazama, Riziki, sasa siye ni ma-sitwayeni. Sitwayeni Akeda! Nisalimie!" Nikakusalimia kwa heshima, nimeinama, na ukaanguka kwa kicheko. Lakini ulikuwa umekonda. Porini mlikuwa mkinywa maji yanayotoka kwenye mawe, na mkiona mahali pameanza kunuka mnahama. Kando ya barabara mlinywa kijito kinachopita chini ya vyoo vya kijiji. Mlipewa neno raia. Kisima hamkupewa.

Kolera ilipokuja, mimi nilikuwa nimefungiwa bwenini. Redio ilisema ugonjwa umetoka mbali, umevuka nchi nyingi na maji mengi kabla ya kufika kwetu, umepanda kutoka ziwani na kufuata barabara pamoja na malori. Waliweka vizuizi. Barua haikupita wala mtu. Masista walichemsha maji mpaka kuni zikaisha, na hakuna msichana wa bweni letu aliyekufa. Tulikuwa na maji ya kuchemsha, Akeda. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Yaliyotokea kijijini nimeyasikia kwa mama yako tu, likizo ilipofika na barabara ikafunguliwa. Alinieleza mara moja, akipepeta mchele wa watu, bila kuinua kichwa. Ninayaandika hapa kwa sababu hujawahi kunisikia nikiyasema.

Baba ya Mvua alikufa kwanza. Halafu wewe ukaanza kuugua, na mama yako akakubeba mpaka dispanseri, na Mvua nyuma yake ameshika nguo. Uani kulikuwa kumefungwa kamba. Watu wa kijiji waliitwa mmoja mmoja, sitwayeni fulani, sitwayeni fulani, ingia. Bambuti walikaa upande wa pili, pale wanapoanika kahawa. Chupa za seromu, yale maji ya dawa ya mshipani, zilikuwa chache. Enfirmie aliyeuguza wagonjwa hakuwa mtu wa kwetu, aliletwa kusaidia, na mama yako anasema macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia au aliyekosa usingizi. Alipofika kwenu hakuuliza jina. Aliuliza, "Huyu wa nani?"

Ndivyo walivyouliza siku zote. Mumbuti akifika dispanseri huulizwa wa nani, ili mwenyewe aje, alete kuni na sukari na chumvi, asimame kwa ajili yake, na akifa amzike. Kila mtu aliona ni utaratibu tu. Mgonjwa mwingine anaulizwa, unaumwa wapi?

Siku nyingine zote jibu lilikuwa "wa Muzee". Lakini Muzee alikuwa amekufa juzi yake. Na baba yangu mdogo, aliyepaswa kusimama mahali pake, alikuwa amekimbilia mashamba ya mbali na watoto wake. Basi nani aseme? Na wewe, ambaye ulikuwa huna mate mdomoni, uliinua kichwa ukasema:

"Wa Riziki."

Watu walicheka. Mama yako hakunificha. Mmoja aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mgonjwa kama wewe, alisema, "Riziki gani? Ule wa masomo? Ule hana hata sufuria!" Wakacheka hata wale waliokuwa wanakufa. Na mama yako anasema wewe pia ulicheka. Nilimuuliza mara mbili kama ni kweli. Akasema ndiyo, alicheka, akiwa na kiu ile ile.

Enfirmie alisema mngoje mpaka mwenyewe apatikane. Mkangoja. Mama yako akaenda kijitoni kukuletea maji, kijito kile kile. Jua lilipopinda, wenye majina walikuwa wamekwisha kuingia na chupa zikabaki. Hapo enfirmie akatoka tena na kuita, na hakujua aite vipi, akaita, "Mutu wa Riziki! Mutu wa Riziki iko wapi?"

Ulikuwa umeshanyamaza.

Shimo la watu wa kijiji lilichimbwa karibu na kanisa na baadaye likawekewa misalaba. Lenu lilichimbwa ng'ambo ya barabara. Katika misa ya kuwaombea wafu yalisomwa majina, jina moja moja, ikachukua muda mrefu. Mwishoni wakasema, "na watu wa Muzee." Hilo ndilo lililosomwa kwa ajili yako. Hakuna aliyewahesabu, kwa hiyo hata leo mtu akiniuliza wangapi walikufa kati yenu, sijui. Nikiuliza kambini, mama yako anaanza kutaja, huyu, na huyu, na mtoto wa huyu, halafu anaacha.

Unaona kwa nini siwezi kulisikia neno hilo la "wa nani" kama watu wengine?

Na sasa nikuambie la harusi. Usicheke. Wazee wa upande wa Jakisa na wa upande wetu walikaa, na mzee mmoja akasimama, akanishika mkono na kuuliza kwa sauti, kama ilivyo desturi, "Huyu binti ni wa nani?" Wa kwetu wakajibu, "Alikuwa wetu." Akauliza tena, "Kuanzia leo ni wa nani?" Na watu wote, vigelegele juu, "Wa Jakisa!" Nikalia, Akeda. Nililia mpaka poda ikafanya mifereji. Wamama walifurahi sana, walisema bibi harusi anayelia ana adabu. Nilikuwa na furaha kubwa kuliko zote za maisha yangu, na ndani ya furaha hiyo hiyo nilikuwa nimelala kwenye uwanja wa kahawa kando yako. Yote mawili kwa neno moja. Sikujua mwili wa mtu unaweza kubeba yote mawili.

Jakisa peke yake ndiye aliyeniuliza. Tulipobaki wawili alisema, "Yale hayakuwa machozi ya bibi harusi. Ni nini?" Nikamweleza. Nilianza na uyoga na jani na kumaliza na ile sauti inayoita mtu wa Riziki. Halafu akavua saa yake, akaiweka mezani, akasema, "Basi na mimi ni wa Riziki. Uwajibu hivyo wakikuuliza."

Hapo ndipo nilipompenda, Akeda. Mengine yote ya awali yalikuwa kengele ya baiskeli.

Sasa, mtoto.

Nilipoambiwa Mvua ni wangu, sitaficha, moyo wangu ulisema ndiyo kabla sijamaliza kusikia. Nilimwona tayari amekaa hapa kwenye ngazi anamenya maharagwe. Nilimwona anaimba. Ana paji lako la uso, na nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameanza kusimama na mkono kiunoni. Ningekuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya kwetu. Ningemwambia, mama yako alikuwa hivi, mama yako alikuwa vile. Ningemvalisha viatu na kumpeleka darasani kwa Jakisa. Nilizunguka nyumba nzima nikiimba, Jakisa akasema nimelewa asali.

Mama mkwe alifurahi pia. Alisema, "Ni vizuri, binti yangu. Atakutekea maji. Bambuti wanajua kazi, na hawasumbui. Atalala jikoni, kuna joto."

Alisema kwa wema kabisa. Alikuwa anakuna kichwa cha mjukuu wake, na mjukuu huyo analala kitandani pamoja naye. Atalala jikoni. Hakuna hata mmoja mezani aliyeinua macho. Na mimi nikagundua kwamba katika nyimbo zangu zote nilikuwa nimefikiria viatu na maharagwe, na kitanda sikukifikiria.

Tangu siku hiyo nimelipindua neno lako huku na huku. Uliposema "wa Riziki", ulisema nini? Nakujua. Hukusema una bwana mpya, kwamba badala ya Muzee sasa ni mimi. Ulisema kama mtu anavyosema mkono huu ni wa mwili huu. Ulisema kuna mtu mmoja duniani ambaye nikiulizwa, yeye atakuja. Lakini ulilisema mbele ya kamba, na mbele ya kamba neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Kijiji kizima kililisikia kwa masikio ya kamba. Baba mdogo aliporudi kutoka mashambani na kutaka nyama yake, mama yako alimwambia, "Akeda alisema ni wa nani. Watu wote walisikia." Baba mdogo amekasirika mpaka leo. Na mama yako, aliyenibeba mgongoni, sasa ananitumia asali ya mwaka huu kama alivyokuwa akimpelekea Muzee. Urafiki wetu umenifanya mwenye watu. Nilisoma miaka yote ile ili nije kuwa babu yangu!

Na kama nikimleta Mvua, jirani atauliza, huyu wa nani? Watajibu, wa madamu ya mwalimu. Nitampenda, naapa, nitampenda kupita kiasi. Na bado atakuwa wa madamu ya mwalimu, atakua akijua hivyo, na mama yako atabaki kando ya barabara bila sauti ya mtoto, akidhani amelipa.

Simleti, Akeda.

Nimeandika. Nimekaa kidogo nalitazama neno hilo. Nyumba iko kimya sana.

Lakini siwezi pia kukaa Bunia na kujisifu kwamba moyo wangu ni safi. Redio imeanza tena. Wanasema kuna wagonjwa ziwani, na timu ya sindano itapita kwenye barabara yenu. Kutakuwa na kamba tena, Akeda. Mtu atasimama na kuuliza.

Kwa hiyo Alhamisi tutapanda lori, mimi na Jakisa. Ameomba ruhusa shuleni. Mkurugenzi alimuuliza ana msiba gani, akasema, "Naenda kuamkia ukweni," na si uongo, sasa nitakuambia kwa nini.

Watu wa Jakisa walileta vikwembe viwili vya mahari, vitenge vipya, kwa upande wa mama. Kimoja cha mama aliyenizaa, nacho amekichukua, yuko Komanda kwa kaka yangu na anakivaa kila Jumapili. Cha pili ni cha mama aliyesaidia kulea. Kwa kawaida hupewa mama mdogo, lakini wangu hakupona kolera ile. Kikwembe kimelala kwenye sanduku langu, cha kijani na ndege wa njano. Jana nilikitoa nikamwambia mama mkwe ni cha nani. Nikamwambia ni cha mama ya Akeda, aliyenibeba.

Alikitazama kikwembe. Akasema, "Mama Mumbuti?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Yeye ni mkubwa wa nyumba, angeweza kukataa, na Jakisa angevunjika katikati. Alichukua kikwembe, akakikunjua, akakikunja upya vizuri kuliko nilivyokuwa nimekikunja mimi. Kisha akasema, "Basi mupeleke na chumvi. Mukwe hapewi nguo bila chumvi. Watatucheka." Na akaenda kuitafuta chumvi mwenyewe. Sijui ameelewa kiasi gani. Lakini la jikoni hajalirudia.

Unaelewa maana yake? Mama yako akikipokea, Jakisa ni mkwe wake. Hatakula mbele yake, atavua kofia yake tangu barabarani, atakaa chini, yeye na suruali yake ya ualimu. Natamani uwepo umcheke! Na asali ile haitakuwa tena asali ya mwaka. Itakuwa asali ambayo mama alimtumia binti yake aliyeolewa mbali. Sitairudishia ndizi. Asali ya mama hairudishiwi kitu. Nimeila kwa vidole, nikalamba na jani.

Nitakaa kwao mpaka timu ipite. Nitasimama kwenye mstari na mama yako na Mvua, katikati yao. Wakiuliza, nitasema, huyu anaitwa Mvua, binti ya Akeda, na huyu ni mama yangu. Wakinicheka, wacheke. Na kama siku hiyo wataniambia bila mwenyewe hakuna sindano, nitasema ni wangu, nitalimeza neno hilo kama kinini chungu, mtoto apate sindano yake. Sitamwacha afe ili niwe na haki. Wewe ungenipiga. Lakini tukishatoka nje ya kamba nitamwambia yeye mwenyewe, kwa lugha yenu, kwamba lile lilikuwa neno la mlangoni tu.

Halafu nitarudi Bunia, na ngazi hii itakuwa tupu kama leo.

Sina kaburi la kupeleka barua hii. Ng'ambo ya barabara wamepanda muhogo. Nitaichukua, na tukifika nitaisoma kwa sauti mahali vibanda vilipoishia, mama yako akisikia, maana yeye hajui kusoma na ni haki yake kujua nilivyokuandikia. Jina lako nitalitamka lote, polepole, bila kuongeza ni la nani.

Na ahadi yangu ni hii. Mvua hatalala jikoni mwangu. Siku moja akiwa mkubwa, akitaka, atapanda lori kwa hiari yake na kuja kunitembelea. Atasimama mlangoni, nami sitauliza lolote zaidi ya kile anachoulizwa mgeni: umekula?

Kaa vizuri, dada yangu. Huko uliko, wakupe maji ya kwenye mawe, yale baridi, na wakupe kwanza.

Rafiki yako,
Riziki